Simu ya mezani inakata, haiiti, haisikiki: pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

Nilikuwa nimeinama chini ya meza ya mapokezi, kwenye ofisi moja hapa Dodoma mjini, napitisha kebo, niliposikia dada wa pale akisema kwa upole, “Subiri kidogo mzee wangu, nakuunganisha na mhusika.” Akabonyeza kitufe, akapiga namba ya ndani ya tarakimu tatu, mwenzake akapokea, wakaelewana, akarudisha mkonga mahali pake. Haikupita dakika simu ikaita tena. Alikuwa yule yule mzee, anapiga kutoka Mpwapwa, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne kukatika. “Mwanangu, vocha inaniishia,” alisema, na sauti yake ilinifikia hadi kule chini kwenye nyaya.

Kilichokuwa kinakosekana pale ni mbonyezo mmoja tu, nitaueleza hapo mbele. Nimeanza na mzee huyu kwa sababu ndiye ninayemfikiria kila ninapoitwa kuangalia simu ya mezani. Simu ikikatika, ofisi haioni hasara, kazi zinaendelea. Anayeumia ni aliye upande wa pili, anayesikilizishwa muziki huku salio likiliwa sekunde kwa sekunde. Na simu nyingi ninazoambiwa ni mbovu nazikuta nzima: kuna kitufe kilibonyezwa kikasahaulika, au kuna hatua ya mwisho haikufanywa. Hayo unaweza kuyamaliza mwenyewe, leo, bila bisibisi.

Majina ya vitufe nitayaandika kama yalivyochapwa kwenye simu zenyewe, ili uyatambue ukiyaona.

Igeuze kwanza uone waya

Tazama waya unaotoka ukutani. Ukiwa mwembamba na bapa, na plagi yake ni ndogo yenye pini mbili au nne, hiyo ni simu ya laini ya kawaida. Inaweza kuwa imeungwa moja kwa moja na laini ya TTCL, shirika la simu la taifa, au na mtambo wa simu wa ofisi, yaani ule unaogawa simu kwenda namba za ndani. Waya ukiwa mnene na wa duara kama ule wa kompyuta, wenye plagi pana ya pini nane, hiyo ni simu ya mtandao, na ndani yake ni kompyuta ndogo. Ofisi nilizofunga kule Mji wa Serikali Mtumba karibu zote zina za mtandao. Majengo ya zamani ya mjini bado nakuta za laini, na mengine yana zote mbili kwenye korido moja. Jua yako ni ipi, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

“Watu wanasema wananipigia, mimi sisikii ikiita”

Usianze kugusa simu yako. Mwombe jirani wa ofisi akupigie kwa namba yako ya ndani, aweke spika, nawe usikilize anachosikia yeye. Ugonjwa huu husomwa upande wa anayepiga.

Akisikia mlio wa bize papo hapo, ilhali wewe huongei na mtu, angalia kwanza mkonga. Pale mkonga unapolala kuna kibonyezo kidogo cha plastiki. Vumbi likichanganyika na mafuta ya mikono hukigandisha, mkonga ukawa umekaa vizuri kwa macho lakini kibonyezo hakijapanda wala kushuka inavyotakiwa, na mtambo ukaamini uko hewani toka asubuhi. Kibonyeze mara tano sita kwa kidole ukisikilizia kama kinarudi chenyewe. Kikinata, kisafishe kwa brashi kavu.

Kibonyezo kikiwa sawa, basi ni DND. Hicho ni kitufe cha usinisumbue: kikiwashwa, simu haimruhusu mtu yeyote, na anayepiga hupewa mlio wa bize au hupelekwa kwenye ujumbe wa sauti. Kwenye skrini huwa kuna alama, mara nyingi duara lenye mstari katikati. Bonyeza DND mara moja, alama iondoke, kwisha.

Huenda hukuiwasha wewe. Vumbi la Dodoma tunalijua, hasa kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, na meza lazima ifutwe kila asubuhi. Kitambaa kikipita juu ya vitufe kinabonyeza chochote kinachokutana nacho. Nimeitwa Jumatatu asubuhi zaidi ya mara moja kwa ajili ya DND iliyowashwa na kitambaa. Wenzetu wa usafi hawana kosa hapo, hakuna aliyewaelekeza. Wape brashi laini kavu kwa ajili ya simu, waambie kitambaa chenye maji kisiguse vitufe, na kama simu yako ina sehemu ya kufunga vitufe, ifunge jioni unapotoka.

Jirani akisikia inaita, na skrini yako inaonyesha namba yake lakini kimya, mlio umeshushwa hadi sufuri. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti mkonga ukiwa umelala. Watu wengi hawajui kwamba kitufe hicho kina kazi mbili: ukiwa huongei kinapandisha mlio wa kuita, ukiwa unaongea kinapandisha sauti ya sikioni.

Akisikia inaita, na kwako hakuna hata dalili kwenye skrini, basi inaita mahali pengine. Imeelekezwa, au kama tunavyosema, imedaivatiwa. Daivati ziko za aina tatu: ya simu zote, ya wakati uko bize, na ya usipopokea. Hii ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, maana simu inaita mara mbili tatu kisha inanyamaza kabla hujaifikia, unadhani mpigaji amekata tamaa, kumbe mtambo umeipeleka kwingine. Daivati iliyowekwa kwenye simu ya mtandao utaiona kwenye menyu, au kama mshale kwenye skrini. Iliyowekwa ndani ya mtambo haionekani kabisa. Inua mkonga usikilize: kwenye mitambo mingi, laini yenye daivati hutoa mlio wa kukatakata badala ya mlio mmoja ulionyooka. Kuifuta kunahitaji namba maalumu, kwa kawaida huanza na nyota au reli (alama ya #), na anayesimamia mtambo anazo.

Ukihamia chumba kipya, hili ni la kukagua siku ile ile. Nimekuta simu ambayo kila anayepiga alikuwa anampata ofisa aliyehamishiwa Singida muda mrefu nyuma, kwenye simu yake ya mkononi. Aliyemrithi meza alidhani tu kwamba siku hizi hakuna anayepiga.

“Nikihamisha simu, mpigaji anakatika”

Hapa ndipo wananchi wanapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna namna mbili za kuhamisha. Ya kwanza ni kuirusha moja kwa moja: unabonyeza TRANSFER, unapiga namba ya ndani, unamaliza bila kuongea na mwenzako. Ya pili ni ya kuulizia kwanza: TRANSFER, namba ya ndani, unasubiri mwenzako apokee, unamwambia nani yuko kwenye laini na anataka nini, ndipo unamkabidhi. Mimi napendekeza hii ya pili kwa simu yoyote inayotoka nje, hata kama inachukua nusu dakika zaidi. Mpigaji hatalazimika kueleza shida yake upya, na wewe utajua kama mhusika yupo.

Tatizo liko kwenye kumalizia. Simu nyingi za laini zilizo kwenye mtambo wa zamani humaliza uhamisho unapoweka mkonga chini. Simu nyingi za mtandao hazifanyi hivyo: lazima ubonyeze TRANSFER mara ya pili, ndipo wale wawili waunganishwe. Ukiweka mkonga kabla ya mbonyezo huo wa pili, kutegemea simu, utakuwa umemkata mwenzako na kumwacha mpigaji kwenye muziki, au umewakata wote. Na tabia ya mkono haibadiliki kwa siku moja. Mtu aliyehamisha simu miaka kumi kwa kuweka mkonga ataendelea kuweka mkonga.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule dada. Alikuwa amezoea simu ya zamani, akaletewa mpya, na hakuna aliyemwambia kwamba kanuni imegeuka. Mara ya tano mzee alipopiga, nilimwonyesha kwa kidole: TRANSFER, namba, ongea, TRANSFER tena, sasa weka. Tukasikia mwenzake wa chumba cha pili akisema, “Shikamoo mzee,” kupitia ukuta.

Ili ujue simu yako ni ya kanuni ipi, usimfanyie majaribio mwananchi. Chukua simu yako ya mkononi, piga namba ya ofisi, ipokee mezani, ihamishe kwa jirani huku ya mkononi ikiwa sikioni. Jaribu kwa kuweka mkonga, kisha kwa kubonyeza mara ya pili. Iliyofanya kazi iandike kwenye kikaratasi, ukibandike kwa selotepu pembeni ya simu, si chini ya droo.

Kama simu yako haina TRANSFER bali ina FLASH au R, kazi ni ile ile kwa njia nyingine. FLASH hukata laini kwa kitambo kifupi sana ili kuushtua mtambo, mtambo nao unakupa mlio wa kupiga namba ya pili. Muda wa kitambo hicho ndio mzizi wa matatizo. Ipo mitambo inayotaka sehemu ya kumi ya sekunde, na ipo inayotaka zaidi ya nusu sekunde. Simu ikipangwa muda mfupi kuliko mtambo unavyotaka, ukibonyeza hakuna kinachotokea, unabaki na mpigaji yule yule. Ikipangwa muda mrefu mno, mtambo unadhani umekata. Simu nyingi zina mpangilio wa muda huo, kwenye menyu au kwa swichi ndogo upande wa chini, wenye tarakimu kama 100, 300 na 600. Badilisha hatua moja moja ukijaribu. Na kama una mazoea ya kugonga kile kibonyezo cha mkonga kwa kidole badala ya FLASH, acha: kidole kikichelewa sekunde moja tu, mtu amekatika.

Kosa lingine ni kutumia HOLD kana kwamba ni TRANSFER. HOLD humsubirisha mtu kwako tu. Ukibonyeza HOLD, ukampigia mwenzako kwa laini ya pili, kisha ukaweka mkonga, hujahamisha kitu. Taa ya laini ya kwanza itaendelea kumetameta, na nyuma ya taa hiyo kuna mtu anayesubiri. Bonyeza kitufe cha laini inayometameta umrudie.

Mhusika asipopokea, fanya vivyo hivyo: ghairi kwa CANCEL au kwa kitufe cha laini yake, mrudie mpigaji umwambie. Usimwache kwenye muziki ukitumaini mtu atapita. Na kabla ya kuhamisha chochote, sema, “Mzee, naomba namba yako, ikikatika nitakupigia mimi.” Simu nyingi zinaonyesha namba ya mpigaji kwenye skrini, lakini akipiga kupitia mtambo mwingine huenda ukaona namba ya mtambo wake, si yake.

Kuna hali moja ambayo hata ufanye kila kitu sawasawa, simu itakatika: kuhamisha mpigaji wa nje kwenda simu ya mkononi ya mtu wa nje. Mitambo mingi huzuia kuunganisha laini mbili za nje bila mtu wa ndani, kwa sababu ofisi ndiyo inayolipia na wapo matapeli wanaotumia mwanya huo. Usipoteze muda kubonyeza. Mpe mpigaji namba ya mkononi ya mhusika kama inaruhusiwa, au chukua ujumbe.

“Nawasikia, wao hawanisikii”

Tazama MUTE. Ikiwa taa yake inawaka nyekundu, maikrofoni imezimwa. Hapo ndipo nusu ya kesi hizi zinapoishia.

Ikiwa haijawaka, weka spika katikati ya maongezi. Wakikusikia kwa spika, laini ni nzima na ubovu uko kwenye mkonga au kwenye ule waya wake uliojikunja kama springi. Waya huo ndio unaochakaa kuliko kitu kingine kwenye simu, kwa sababu tunauvuta na kuusokota kila siku. Uchomoe pande zote mbili, uurudishe mpaka usikie ukilia “ta”. Kisha azima wa jirani ujaribu. Angalia pia ulipochomekwa: chini ya simu nyingi kuna matundu mawili yanayofanana kabisa, moja lina mchoro wa mkonga, lingine mchoro wa hedifoni. Mkonga ukiwa kwenye tundu la hedifoni, utaweka sikioni na kusikia ukimya. Vilevile taa ya HEADSET ikiwaka, sauti imepelekwa huko hata kama hedifoni yenyewe haipo.

Spika nayo ikishindwa, ulizia kitu kimoja: ni kwa simu zote au za nje tu? Kwenye simu za mtandao, ndani mkisikiana vizuri na nje sauti ikaenda upande mmoja, kosa liko kwenye rauta au ukuta wa ulinzi wa mtandao, unaozuia sauti ya upande mmoja kupita. Hilo ni la watu wa TEHAMA, simu yako iache ilivyo.

“Za ndani zinatoka, za nje hazitoki”

Kwenye mitambo ya ofisi, laini ya nje huombwa kwa tarakimu moja kwanza, aghalabu 9 au 0. Penye 0 ndipo watu hukosea, kwa sababu namba za mkononi zetu nazo huanza na 0. Inatakiwa sufuri mbili mfululizo, moja ya mtambo na moja ya namba. Mtu akibonyeza moja anasikia kwamba namba haipo, analaumu simu.

Namba uliyoinakili kutoka simu ya mkononi yenye +255, ondoa hiyo +255 uweke 0, kwani mitambo mingi haielewi alama ya kujumlisha. Kwa simu za mezani, piga namba nzima na msimbo wake: 026 ni wa Dodoma, pamoja na Iringa, Singida na Tabora, na 022 ni wa Dar es Salaam. Ofisi iliyohamia huku inaweza kuwa bado ina karatasi zenye namba za 022, na wananchi wanapiga chumba kisicho na mtu.

Simu ya mtandao ikikaa kimya sekunde kadhaa baada ya kumaliza tarakimu, inasubiri kuona kama utaongeza nyingine. Bonyeza reli au kitufe cha kutuma, itatoka hapo hapo. Na kama za mezani zinatoka lakini za mkononi hazitoki, huenda laini yako imefungiwa kwa makusudi, na utahitaji namba ya siri au kibali. Uliza utawala kabla ya kumwita fundi.

“Skrini imezima”

Simu nyingi za mtandao hupata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao. Nyuma zina matundu mawili, moja la kwenda ukutani na moja la kompyuta. Kebo ya ukutani ikichomekwa kwenye tundu la kompyuta, umeme hauingii. Hili hutokea kila watu wanapohamisha meza. Zikizimika za ofisi nzima kwa pamoja, tatizo ni swichi ya mtandao kwenye kabati, na huenda umeme umekatika na UPS, ile betri ya akiba, imeishiwa. Umeme ukirudi zipe dakika chache ziamke zenyewe.

Ikiwa yako inatumia adapta, usiazime ya jirani bila kusoma volti. Zipo za 5, za 12 na za 48, na plagi zinaweza kuingiliana. Ya 48 kwenye simu ya 5 inaiunguza.

Skrini ikiwaka lakini inasema haijasajiliwa, chomoa kebo, hesabu hadi kumi, irudishe. Mara moja tu. Isipokubali, ishia hapo. Nawaomba sana, msiingie kwenye menyu kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Inafuta akaunti, namba ya ndani na nywila, na kazi ya dakika tano inageuka ya nusu siku, simu ikiwa imelala.

Mengine kwa kifupi

Mkutano wa watu watatu: CONF, namba ya wa tatu, apokee, CONF tena. Kwenye simu nyingi aliyeanzisha ndiye anayebeba sauti za wengine, kwa hiyo akiweka mkonga wote wanakatika. Anayetaka kutoka mapema asiwe yeye anayeanzisha.

Mwangwi: anayesikia sauti yake ikimrudia, mara nyingi kosa liko kwa mwenzake. Mwambie apunguze spika au anyanyue mkonga.

Taa nyekundu inayometameta juu ya simu, huku haiiti, ni ujumbe wa sauti au simu ambayo hukupokea. Isikilize, kuna mtu anasubiri jibu.

Simu ya jirani ikiita na hayupo, unaweza kuipokea mezani kwako. Mitambo kadhaa hutumia nyota 8, ya kwenu inaweza kuwa na namba nyingine. Iulizie, inaokoa watu wengi.

Laini ya kawaida ikikwaruza wakati wa mvua tu, kuna maungio yamelowa nje ya jengo, simu haina kosa. Na radi zikianza, Desemba na kuendelea, chomoa plagi ya ukutani.

Ukishindwa, mwandikie fundi hivi

Usiandike “simu mbovu”. Andika ulichofanya na ulichosikia. Kwa mfano: “Saa 4:20 asubuhi, namba ya ndani 214. Nikihamisha kwenda 230, mpigaji wa nje anakatika ninapobonyeza TRANSFER mara ya pili. Za ndani zinahama vizuri. Simu ya jirani, 215, inafanya vivyo hivyo.” Nikipata ujumbe kama huo, siji kwenye meza yako kabisa. Naenda moja kwa moja kwenye mtambo.